Batteri Ifuate Muntu, Muntu Asifuate Batteri

Rafiki yangu, weye mwenye unapiga batteri, zile ngoma za kizungu, mu kanisa moja hapa Uvira, ao Sange, ao kule Makobola, na kila Siku ya Mungu unarudi ku nyumba mukono ku kiuno sawa muntu mwenye amelima tangu asubuhi: sogea karibu. Nitakuambia bila kuficha, sawa vile naambia muntu ya nyumba yangu. Mwaka huu nimeacha kupiga, kisha ya miaka makumi mbili na tatu. Kamati ya kanisa ikatafuta namna ya kuniheshimu. Wakaona ni vizuri wapake rangi ku simenti, kuzunguka kila muguu ya batteri, ili ikae vile niliipanga, milele na milele, amina. Na Nyota, ule binti mwenye anachukua nafasi yangu, aikale pale pale nilikuwa naikalaka.

Nimekataa. Njo maana naandika. Wakifaulu, ule mutoto atalipa na mugongo yake kitu yenye minye nililipa na yangu, na hii mara itakuwa kwa jina yangu. Apana.

Nilianza nikiwa na miaka makumi mbili, nimeolewa mupya. Hata kuandika jina yangu sikukuwa najua vizuri. Kuandika kulikuya nyuma, mu masomo ya jioni ya wamama. Bageti, vile vijiti vya kupigia ngoma, nilizijua mbele ya kalamu. Nilikuwa naimba mu korali ya Kalundu, hapa Uvira, sauti ya pili, na mwenye kupiga batteri alikuwa Yaya Kashindi, ni kusema kaka Kashindi, kijana ya Sange, murefu sawa nguzo ya umeme. Siku moja ya mazoezi nilikuwa napigapiga benchi na vidole, bila kufikiri. Akasimamisha wimbo.

"Weye, bibi-arusi! Ile mikono yako inajua kitu yenye mudomo yako haijui. Kuya hapa."

Wote wakacheka. Minye pia nilicheka, juu alisema ukweli. Sauti yangu Mungu alikuwa anaivumilia tu.

Nikapanda ku jukwaa. Kama hujaona batteri karibu, iko hivi: chini kuna ngoma kubwa yenye inapigwa na muguu ya kuume, kwa pedali yenye iko na nyundo. Katikati ya magoti kuna keskleri, ile ndogo yenye inalia "chaa". Ku kushoto kuna charley, sahani mbili zenye muguu ya kushoto inafunga na kufungua. Mbele kuna ngoma mbili za kati, na juu sahani kubwa ya kupiga wakati wimbo inapanda. Kiti yetu ilikuwa kazie mbili za bia, yale makreti ya chupa, moja juu ya ingine, na kitambaa ya musalaba juu yake. Kanisa yenye ilikuwa inatenga walevi ilimusifu Mungu miaka mingi ikiikalia kazie ya bia. Hakuna mwenye alisema kitu.

Na chini, ku simenti, kila muguu ya kila kitu ilikuwa na muviringo yake ya rangi nyekundu. Shemasi Elia, mwenye alikuwa anachunga vyombo vya kanisa, alinionyesha ile miviringo sawa muntu anaonyesha kaburi ya babu yake.

"Mama Rehema, hapa kila kitu iko na nafasi yake. Muntu njo anatafuta nafasi. Haiko kitu njo inatafuta muntu."

Nikaitika, "Ndiyo, baba." Ile "ndiyo, baba" ilinikalia mu mifupa miaka saba.

Kashindi alinifundisha mwaka moja, kisha akarudi Sange kulima muchele. Nilibakia peke yangu na vipimo vya muguu yake. Minye niko mufupi. Juu ya zile kazie miguu ilikuwa inaninginia. Nilikuwa natafuta pedali na kidole kikubwa, sawa muntu anatafuta sandari chini ya kitanda. Sahani kubwa ilikuwa mbali. Kuipiga, nilikuwa nanyanyuka nusu, napiga, naanguka tena ku kiti. Watu wa mbele walifikiri ni Roho Mutakatifu.

Kisha kulikuwa mambo ya nguo. Mama wa protokole, mwenye anapanga watu mu ibada, alisema mwanamuke haikalake miguu mbali mbali mbele ya mazabahu. Akanipa kikwembe ya kufunika magoti, na nilipaswa kuikala miguu karibu, ngoma kubwa nikiipiga na kisigino ya pembeni. Siku moja ile kikwembe ikaingia mu pedali katikati ya wimbo. Nyundo ikaikamata. Kila pigo inanivuta kidogo, kila pigo inanivuta kidogo. Wimbo ilikuwa na beti sita. Ku beti ya tano nilikuwa nashikilia nguo na mukono moja na kupiga na mukono moja, na Pasta akasema ku maikro, "Tuirudilie tena wimbo yote, wapendwa."

Mimba ya kwanza ikafanya tumbo igonge keskleri. Nilikuwa napiga nikiinama pembeni. Mugongo ya chini ikaanza kuungua, kisha kiuno ya kuume, kisha bega. Na hapa njo kosa yetu, rafiki, na sitaki uirudilie: sikukuwa naona kiti. Niliona dhambi. Niliona jaribu. Shemasi Elia aliniambia maumivu mu utumishi ni sadaka, na minye nikaamini, juu napenda Mungu na nilitaka kumupa kitu yenye inauma. Wamama wa chumba ya maombi waliniwekea mikono. Nilifunga siku tatu, kavu, bila maji, juu ya ugonjwa yenye ilikuwa inatoka ku kazie ya bia.

Mwenye alinifungua macho hakukuwa mutumishi. Ni Mama Sifa, mushonaji wa ku soko ya Mulongwe, mama muzee wa kabila ya Wafuliiru, mudomo kali. Nilimupelekea nguo. Akaniangalia vile natembea, akaacha kukanyaga mashini.

"Weye binti, nani anakupiga ku nyumba?"

"Hakuna mwenye ananipiga, mama."

"Basi unaanguka wapi?"

Nikamuelezea batteri, miviringo, kazie. Akasikiliza na sindano mu meno. Kisha akapiga mashini yake na kofi.

"Hii iko na miaka kupita weye. Asubuhi, kitu ya kwanza, hii mashini naiweka wapi?"

"Sijue, mama."

"Siiweke. Naikala! Naikala vizuri, miguu chini, mabega chini, sawa napumuzika. Kisha njo naivuta mashini inifuate. Kama nilikuwa naifuata minye, ningekufa zamani, ningewaachia nguo zenu bila mikono. Sasa weye unaniambia chuma haiwezi kusogea, lakini mifupa ya mutoto ya Mungu inaweza?"

"Shemasi anasema ni sadaka."

"Sadaka muntu anaitoa. Hii yako wanaikamata."

Akanishonea sketi pana, yenye iko na mikunjo mingi mbele, na ndani yake kaptura ya kitambaa nzito. Nikiikala, miguu yangu iko huru na nguo inaanguka katikati, hakuna mwenye anaona kitu. Wabinti wote wenye nilifundisha wanavaa vile. Kama uko mwanamuke na unasoma, anza hapo. Usingoje mashauri ya kamati.

Lakini sikukuwa na ujasiri ya kugusa ile rangi. Ujasiri ilipatikana Makobola. Walitualika kufungua kanapeli yao, kanisa ndogo karibu ya maji, na walikuwa wamesimamisha maturubai ya kivuli juu ya muchanga mutupu. Hakuna simenti, hakuna rangi. Shemasi Elia alibakia Uvira na homa, Mungu amusaidie. Nikaangalia ule muchanga, nikakumbuka mashini ya Mama Sifa. Nikaomba wamama wa kule kiti fupi ya jikoni. Kila muguu ya kiti na ya ngoma ilikuwa inazama, basi wakatoa vifuniko vya sufuria, tukaweka chini ya kila muguu. Nikaikala kwanza. Nikafunga macho. Nikaacha muguu ya kuume ianguke penye inataka: pale, pedali. Muguu ya kushoto: pale, charley. Nikaachilia mikono ianguke ku mapaja, kisha nikakunja viwiko: penye bageti ilifika, pale keskleri. Zile ngoma za kati nikazilalisha zinitazame. Sahani kubwa nikaivuta mpaka naigusa bila kufungua kwapa.

Tulipiga tangu asubuhi mpaka jua ilipita katikati. Nikasimama. Nikangoja maumivu. Haikukuya. Nikatembea mpaka ku maji, nikaosha uso, nikangoja tena. Hakuna. Nililia pale, rafiki, na haikukuwa furaha yote. Nilikuwa nahesabu mara zenye nilitubu.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, niliingia mu kanisa yetu mbele ya watu, nikaondoa kazie moja, nikasogeza kila kitu. Miviringo nyekundu ikabakia mitupu. Shemasi Elia akakuya haraka haraka.

"Mama Rehema, nani alikuruhusu?"

"Mugongo yangu, baba."

"Unaona vile uko? Uko chini sana! Unapiga sawa muntu anakamua ng'ombe!"

Watoto wa korali wakacheka.

"Maziwa inatoka ao haitoki?" nikauliza.

Wakacheka zaidi, na hapo nikajua nimepata adui. Muzee anaweza kusamehe ukaidi. Kuchekwa na watoto ya korali, ile inachukua wakati.

Kila juma nilisogeza, kila juma alirudisha. Hii ilienda mwezi muzima. Kisha ikakuya siku kubwa ya makorali, wageni kutoka Sange, Luberizi na Makobola. Nilifika asubuhi, nikakuta amepigilia vipande ya mbao ku jukwaa, mbele na nyuma ya ngoma kubwa, na misumari ya simenti ya inchi ine. Kiti pia, kazie mbili, imefungwa na waya. Na kamati imesimama, wazee wanne, mikono nyuma.

"Leo utapiga ku nafasi yenye kanisa imekupa," Shemasi Elia akasema, "ao utashuka."

Watu walikuwa wanaingia. Nilijua wakinitoa siku ile hakuna mwanamuke mwenye atapanda tena ku ile kiti. Wangesema walimujaribu moja, akashindwa. Nilijua pia nikiikala ku zile kazie, nitazikalia mpaka kufa. Niliomba kwa moyo, kifupi. Kisha nikasema, "Nitashuka."

Nikalegeza ngoma kubwa, nikaivuta kwa juu ya mbao zao, nikashuka nayo.

Jukwaa ilikuwa na rangi. Chini, ku upande ya wamama, hakukukuwa rangi. Nikarudi kubeba keskleri. Mama moja akasimama akashika charley. Mungine akashika sahani, ikamulilia mukononi, akashituka, akasema "Yesu!" na kanisa yote ikageuka. Sikuwaita, walikuya tu. Watu walikuwa wanasukuma mabenchi kutupisha. Nikaomba kiti ya muntu moja, nikaikala, nikavuta vitu vyangu moja moja, polepole, mbele ya makorali ine na kamati. Ngoma kubwa ilikuwa inateleza ku simenti. Mama ya Luberizi akaweka mbele yake gunia yake ya muchele, kilo makumi mbili na tano. Ikatulia.

Nikapiga. Sitajisifu. Uliza wenye walikuwa pale.

Kisha ya ibada Shemasi Elia akamuita Kashindi, mwenye alikuwa amekuya na korali ya Sange.

"Sema weye! Ile alama ni yako. Ulipaka na mukono yako!"

Kashindi akajikuna shingo.

"Baba, nilipaka juu wafagiaji walikuwa wananisogezea kiti. Nilipima muguu yangu. Sikukuwa naandika Torati."

Unafikiri iliishia pale? Apana. Walinitenga miezi tatu, si juu ya batteri, wakasema, juu ya kukosa utii. Nilienda kanisani kila juma. Niliikala ku benchi ya mbele na ile sketi yangu pana. Nilitoa zaka, niliimba sauti ya pili kwa nguvu, wakavumilia. Walitaka niombe musamaha mbele ya kanisa. Niliwaambia: kwa kuchekesha watoto juu ya muzee, ndiyo, naomba musamaha, na niliomba. Kwa kusogeza kiti, hapana, hata mukiniuliza ku mulango wa mbinguni. Vijana wawili walijaribu ile batteri ya misumari. Moja alikuwa mufupi kama minye, akavumilia juma mbili tu. Mwezi wa tatu Pasta mwenyewe akang'oa mbao na nyundo. Hakuniita. Alituma tu mutoto kuniletea bageti.

Kisha ya hapo nilipiga miaka kumi na tano ingine bila kuinama, na sasa nikuambie namna, juu njo kazi yenye niko nawaachia.

Kiti kwanza, mbele ya kitu yote. Nyayo zote chini, mapaja yateremke kidogo kuelekea magoti. Kama magoti iko juu ya kiuno, umeikala chini sana, na mugongo itakuambia kesho. Keskleri iwe juu ya paja kwa vidole viwili ao vitatu, ili ukipiga ukingo usijipige goti. Usizipange ngoma za kati vizuri kwa macho ya watu. Zipange kwa mukono. Watu watasema zimelala vibaya. Watu hawapigi. Chini ya batteri weka mukeka ao kipande ya karpeti, na gunia ya muchanga mbele ya ngoma kubwa. Muchele ni kwa sikukuu. Nyundo ikilegea, kata kipande ya mupira ya ndani ya baiskeli, funga. Bageti za duka zinavunjika haraka. Fundi mbao ya Kavimvira alinichongea zangu, nzito kidogo, na nilizika kila pea kwa machozi. Na kama uko na mimba, rudisha kiti nyuma, inamisha keskleri, na kila juma pima tena, juu mutoto anasogea, batteri pia isogee.

Kiuno yangu ya kuume haikupona yote. Njo inanitoa sasa. Daktari alisema ni kuchakaa kwa zamani. Ile miaka saba, nikamuambia. Akasema inawezekana. Nikamuambia haiko "inawezekana".

Basi, mwezi uliopita, Siku ya Posho, ni kusema Jumamosi, mangaribi, nilipita ku mazoezi kumuaga Nyota. Ule binti ni murefu, miguu haiishi. Nikamukuta ameikala ku kiti yangu fupi, magoti karibu na masikio sawa panzi. Shemasi Elia, sasa muzee kabisa, alikuwa amepiga magoti chini na kopo ya rangi ya bulu na burosi. Alikuwa anangoja kuambiwa aanze na muguu gani.

"Unaumwa?" nikamuuliza Nyota.

"Apana, mama."

"Usiseme uongo mu nyumba ya Mungu."

"Inauma, mama. Lakini ni namna yako. Niliona haya kuisogeza."

Niliijua ile sauti. Juu ilikuwa sauti yangu, ile ya "ndiyo, baba".

"Simama," nikasema.

Shemasi Elia akainua uso. "Mama Rehema, tunafanya hii kwa heshima. Miaka ile nilikosa, nakubali. Nataka watu wakumbuke."

Ile ilikuwa ngumu kupita misumari, nakuambia. Muzee ananiomba musamaha na burosi mukononi. Nikamushika mukono, nikamusaidia kusimama.

"Asanti, baba. Nimepokea. Lakini hautampaka huyu mutoto na mugongo yangu."

Tukatoa kila kitu. Nikamutafutia kiti ndefu. Akaikala, akafunga macho, akaacha miguu ianguke. Sikumuonyesha kitu. Ilichukua nusu saa, alikosea charley mara mbili, akairudisha mwenyewe. Alipopiga, korali yote ikaingia na wimbo.

Shemasi Elia akasogea na kopo. "Sasa nipake hapo?"

"Apana, baba. Kesho asubuhi ku ibada ya kwanza anapiga Bahati, na ako mufupi."

Akaangalia rangi yake. "Basi hii nifanye nayo nini?"

"Paka mulango ya choo. Inaomba rangi tangu zamani."

Akacheka, ule muzee. Na aliipaka, niliiona.

Rafiki, ukisoma, usiifiche hii mu Biblia yako. Ipeleke ku korali ingine, isomwe kwa sauti mbele ya mazoezi, ifike Luberizi, ifike Fizi, kwa kila muntu mwenye anapiga akiwa anauma meno, zaidi kama ni binti. Na kama shemasi wao anauliza nani aliandika maneno kama hii, usifiche jina. Mwambie ni Mama Rehema wa Kalundu, na niko ku nyumba siku zote.